Ayalandi ina fasihi mbili, na sisi tumeisoma moja tu

Wino wa Pweza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila tukianza kujadili washindi wa Nobeli, lazima atokee mtu aseme Ayalandi ni nchi ndogo iliyotoa vigogo wanne: Yeats mwaka 1923, Shaw 1925, Beckett 1969 na Heaney 1995. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini katika hao wanne hakuna hata mmoja aliyepewa tuzo kwa kuandika Kiairishi. Watatu ni wa Kiingereza, na Beckett ni wa Kiingereza na Kifaransa. Ukiishia hapo utaamini kwamba lugha ya asili ya kisiwa kile ilibaki kwenye nyimbo za wavuvi na vibao vya barabarani. Mimi nashikilia kwamba riwaya bora iliyotoka Ayalandi baada ya Vita Kuu ya Pili imeandikwa kwa Kiairishi, na wanaoongea ndani yake wote ni maiti waliozikwa. Nitaifikia. Kwanza historia kidogo, kwa ufupi.

Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Waliopigwa vibaya zaidi ni maskini wa magharibi na kusini, na hao ndio waliokuwa wasemaji wa Kiairishi. Shule nazo zilifundisha kwa Kiingereza, na mzazi aliyetaka mwanawe apate kazi Boston au Liverpool alimkataza kuongea lugha ya nyumbani. Mwaka 1893 Douglas Hyde na wenzake wakaanzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kuifufua lugha. Hapo waandishi wakakutana na swali gumu: tuandike Kiairishi kipi? Wapo waliotaka kurudi kwenye sarufi ya karne ya 17. Padri mmoja wa Cork, Peadar Ua Laoghaire, akasema hapana, tuandike kama watu wanavyosema, akatoa *Séadna*, hadithi ya fundi viatu aliyeingia mkataba na Shetani. Kitabu kizima kilitoka 1904, na hoja ya padri ndiyo iliyoshinda.

Mwaka 1910 Pádraic Ó Conaire akatoa *Deoraíocht*. Wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kisasa katika lugha hiyo. Haihusu kijiji wala ng'ombe. Ni mtu wa Galway aliyekwenda London, akagongwa na gari, akapoteza mkono na mguu, akaishia kuonyeshwa kwa watu kama kioja. Kwa hiyo anayedhani fasihi ya lugha ndogo lazima iwe ya shamba na kumbukumbu, atambue kwamba Waairishi walianza na jiji, upweke na mwili uliovunjika.

Kisha vikaja vitabu vya kisiwa cha Blasket, kule Kerry. Tomás Ó Criomhthain, mvuvi mzee aliyekwishapita miaka 70, alitoa *An tOileánach* mwaka 1929. Jambo linalonigusa ni jinsi alivyoanza. Mgeni mmoja aliyekuja kisiwani kujifunza lugha alimsomea waandishi Gorky wa Urusi na Pierre Loti wa Ufaransa, ili mzee aone kwamba maisha ya wavuvi na maskini yanatosha kuwa kitabu. Kisiwa chenyewe kilihamwa mwaka 1953. Vitabu vyake bado vinachapishwa.

Serikali huru nayo ilianzisha idara ya uchapishaji, An Gúm, miaka ya 1920. Wakawalipa waandishi watafsiri riwaya za kigeni kwa wingi; hata *Dracula* ya Bram Stoker, mtoto wa Dublin, ilipata Kiairishi chake mwaka 1933. Sisi tuliokua na *Juliasi Kaizari* ya Mwalimu Nyerere tunaelewa nia ya kazi ya namna hiyo. Ila Nyerere alitafsiri kwa mapenzi, na kule kuna watu walifungwa nira. Seosamh Mac Grianna wa Donegal, kipaji kikubwa mno, alitafsiri kitabu baada ya kitabu ili apate kula, akachoka. Mwishoni mwa mswada mmoja aliandika kwamba kisima kimekauka katika kiangazi cha 1935 na hataandika tena. Akaishi hadi 1990.

Sasa maiti.

Máirtín Ó Cadhain alizaliwa 1906 karibu na An Spidéal, Connemara, magharibi mwa Ayalandi, mahali ambapo Kiairishi kilikuwa lugha ya jikoni na ya ugomvi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafukuzwa kwa ajili ya uanachama wake wa IRA, jeshi la siri la wapigania uhuru, na wakati wa vita serikali ya nchi yake mwenyewe ikamweka kizuizini katika kambi ya Curragh kwa miaka kadhaa. Kule kambini aliwafundisha wafungwa wenzake Kiairishi. Yeye pia aliamshwa na Gorky! Alisoma hadithi yake moja kwa tafsiri ya Kifaransa, akaketi wima kitandani, akajiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba hadithi za namna hii zipo, maana hawa ndio watu wake hasa. Yaani wawili hawa, mvuvi wa kusini na mfungwa wa magharibi, walipewa ruhusa ya kuandika na Mrusi. Haikutoka London.

Riwaya yake ya maiti, *Cré na Cille*, ilishinda tuzo ya Oireachtas, tamasha la lugha ya Kiairishi, mwaka 1947, ikatoka kwa mfululizo gazetini 1949, kisha ikawa kitabu cha kampuni ndogo ya Sáirséal agus Dill. Inasimuliwa kwamba huko Connemara waliojua kusoma waliwasomea wazee sura za gazetini kwa sauti. Riwaya haina msimulizi. Ni sauti tupu, makaburini, wakati vita vya Hitler vinaendelea huko juu. Caitríona Pháidín amezikwa sasa hivi, na swali lake la kwanza ni hili: wamenizika eneo la pauni moja, au wamenitupa la shilingi kumi na tano? Maana hata makaburi yana madaraja. Anasubiri msalaba wa jiwe zuri ambao mwanawe aliahidi kuuweka. Anamchukia dada yake Nell, aliye hai bado, aliyeolewa na mwanamume ambaye Caitríona alimpenda. Kila maiti mpya akishushwa, anamvamia kuuliza habari za Nell. Naye anajibiwa, anasutwa, anazomewa. Ukiisikiliza ni kama mipasho ya taarab isiyo na ukumbi wala saa ya kufunga. Kuna mwalimu mkuu anayechanganyikiwa kwa hasira baada ya kusikia mjane wake anaolewa na mtu wa posta. Kuna rubani Mfaransa ambaye ndege yake ilianguka huko, naye anajifunza lugha humo humo ardhini. Kuna uchaguzi! Chama cha Pauni dhidi ya chama cha Shilingi Kumi na Tano.

Hakuna ukurasa hata mmoja unaoomba huruma kwa lugha inayokufa. Watu wanagombana kwa lugha hiyo kana kwamba hakuna nyingine duniani. Hilo ndilo nililotaka kuwaletea hapa: fasihi hii haikuandikwa ili ionewe huruma. Iliandikwa kwa ajili ya watu wake, kwa sauti yao, na ni lazima ihukumiwe kwa ukali ule ule tunaomhukumu nao Joyce.

Nyuki wa Iringa

Mkuu, asante kwa shule. Ila naomba kuuliza bila kukuudhi. Kama ni kitabu kikubwa hivyo, mbona hatukukisikia? Tulisoma Yeats sekondari, angalau ule ubeti ambao Achebe alichukua jina la riwaya yake. Joyce tulimsikia chuoni. Huyu Ó Cadhain ndiyo leo.

Wino wa Pweza

Hujaniudhi, mkuu, umegusa penyewe. Kitabu cha 1949 kilisubiri hadi 2015 ndipo kikatoka madukani kwa Kiingereza. Tafsiri zikaja mbili kwa mkupuo, zote kutoka Yale: ya Alan Titley mwaka 2015, na ya Liam Mac Con Iomaire na Tim Robinson mwaka 2016. Kinorwe na Kidenishi vilitangulia. Majirani wanaoelewa lugha zote mbili walikaa miaka zaidi ya 60 bila kuivusha riwaya mto mmoja!

Sisi pia tumeionja subira hiyo, kwa upande wa pili. Gurnah wa Zanzibar alitoa *Paradise* mwaka 1994 kwa Kiingereza, na Kiswahili chake, *Peponi*, kazi ya Ida Hadjivayanis, kikaja 2022, baada ya Nobeli. Kitabu kinachozungumzia watu wetu wa pwani, na bibi zetu hawakuweza kukisoma kwa miaka 28.

Mwana wa Limuru

Nimefuatilia kimya kimya, sasa naingia. Hapa kwetu Kenya huwezi kutaja mambo haya bila Ngũgĩ. Yeye alitangaza kwaheri kwa Kiingereza katika *Decolonising the Mind*, 1986, akasema kuanzia hapo ni Gĩkũyũ na Kiswahili. Na kabla ya hapo alikuwa ameandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* akiwa gereza la Kamiti, kwenye karatasi ya chooni, tukaipata kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani*. Je, huko Ayalandi kuna aliyefanya hivyo, au walilalamika tu?

Wino wa Pweza

Yupo, ndugu yangu, na alitangulia. Michael Hartnett, mshairi wa kaunti ya Limerick. Mwaka 1974 alisimama jukwaani Dublin akatangaza hataandika tena mashairi kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata akatoa diwani ya kuaga, *A Farewell to English*, na humo anasema Kiingereza ni lugha bora ya kuuzia nguruwe. Akakaa miaka kumi akiandika Kiairishi peke yake. Mwaka 1985 akarudi na *Inchicore Haiku*, kwa Kiingereza.

Wapo wanaosema alishindwa. Mimi sikubali. Tazama tofauti ya ardhi waliyosimamia. Ngũgĩ alirudi kwenye lugha ya mama yake, yenye wasemaji mamilioni, ambayo wakulima wa Limuru waliigiza nayo tamthilia hadi serikali ikaogopa ikamfunga. Hartnett alirudi kwenye lugha aliyoipata kwa bibi yake, katika kijiji ambacho mtaani watu walikuwa wanasema Kiingereza. Ngũgĩ alinyang'anywa hadhira kwa nguvu ya dola. Hartnett ilibidi aitafute hadhira. Miaka kumi ya mashairi katika hali hiyo ni kazi kubwa, na tafsiri alizozifanya baadaye za washairi wa Kiairishi wa karne ya 17 ni matunda ya miaka hiyo.

Mama Tausi

Mwanangu, umetuletea wanaume watupu. Makaburini mwako mna mwanamke anayeongea usiku na mchana, lakini aliyemwandika ni mwanamume. Wanawake wenyewe wako wapi?

Wino wa Pweza

Shikamoo mama. Swali lako ni la haki.

Wa mwanzo kutajwa huwa ni Peig Sayers wa Blasket, ambaye hakuandika kwa mkono wake. Alimsimulia mwanawe, kitabu kikatoka 1936. Kikawekwa mashuleni kwa miaka mingi kama kitabu cha lazima, na vizazi vya wanafunzi vikakichukia. Ninaumia kidogo nikisoma lawama hizo, kwa sababu Peig alikuwa mtambaji wa ngano wa daraja la juu, na wizara ikamgeuza adhabu ya mtihani. Flann O'Brien alikuwa amekwisha kuona hatari hiyo. *An Béal Bocht* yake ya 1941 inacheka watu wa mjini wanaokwenda magharibi kuabudu umaskini: mtaalamu anarekodi milio ya nguruwe gizani, anaipeleka kwa wasomi kama Kiairishi safi kabisa. Kicheko kile kinawapiga waabuduo. Kinawaacha wanakijiji salama.

Lakini mama, mwanamke ninayetaka umjue ni Nuala Ní Dhomhnaill. Alizaliwa Uingereza mwaka 1952, akapelekwa mdogo kulelewa na ndugu zake huko Kerry, kwenye eneo la wasemaji. Alikuwa kwenye kundi la jarida la *INNTI*, vijana wa chuo cha Cork walioanza 1970, waliosikiliza roki na kuandika mapenzi ya mwili na barabara za mji kwa Kiairishi. Ana shairi fupi, *Ceist na Teangan*, ambamo anaweka matumaini yake katika mashua ya lugha kama mtoto anayewekwa kwenye kisafina cha majani, anakisukuma majini, asijue kama kitafika mapajani mwa binti Firauni. Kila aliyesoma kisa cha Nabii Musa anaelewa: mama yake hakumtupa, alimkabidhi maji kwa sababu nyumbani palikuwa na kifo. Na mashua ilifika kweli. Diwani yake *Pharaoh's Daughter* ya 1990 ilitafsiriwa na washairi wa Kiingereza wakubwa kabisa, Heaney na Muldoon wakiwemo.

Kisha yupo mshairi anayetumia jina la Biddy Jenkinson, ambaye amekataa mashairi yake yatafsiriwe kwa Kiingereza ndani ya Ayalandi. Ukiyataka, ujifunze lugha. Mimi nawaheshimu wote wawili, ila moyo wangu uko kwa Nuala, maana mimi mwenyewe ningekufa bila kumsoma.

Na kabla yao wote kuna Eibhlín Dubh Ní Chonaill. Mumewe, Art Ó Laoghaire, aliuawa kwa risasi mwaka 1773 katika ugomvi uliohusu farasi, naye akamlilia kwa maombolezo ambayo watu waliyashika vichwani kwa vizazi. Mwaka 2020 Doireann Ní Ghríofa, anayeandika kwa lugha zote mbili, alitoa *A Ghost in the Throat*. Ni kitabu cha Kiingereza: mama mwenye watoto wadogo, anakamua maziwa, anafua, na huku anamtafuta Eibhlín kwenye kumbukumbu ambazo zimeandika habari za wanaume tu. Mwishoni ameweka tafsiri yake ya maombolezo yenyewe. Nadhani hiki wewe utakipenda kuliko vyote.

Jembe Halilali

Mimi nitaongea ukweli, msinielewe vibaya. Lugha ikikosa watu imekosa watu. Ayalandi inajulikana duniani kwa Kiingereza: Joyce, Beckett, siku hizi Sally Rooney, Anna Burns na Paul Lynch wa tuzo ya Booker. Kwa nini mwandishi mwenye kipaji ajifungie kwenye chumba chenye wasomaji elfu chache?

Wino wa Pweza

Mkuu Jembe, takwimu ziko upande wako, na siwezi kuzificha. Sensa ya 2022 ya Jamhuri ilionyesha watu takriban milioni 1.87 wanaosema wanaweza kuongea Kiairishi, lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule hawafiki 72,000. Ó Cadhain mwenyewe alilisema wazi kabla ya kufa 1970, kwamba ni vigumu mtu kutoa kilicho bora kwa lugha ambayo huenda ikatangulia kufa kabla yake. Na bado alisema chombo bora alichorithi kwa watu wake ni usemi wao. Hakuandika kwa sababu alijidanganya kuhusu idadi. Alipigania watu wapate ardhi pia. Ni mmoja wa waliosukuma hadi familia za Connemara zikapewa mashamba Ráth Chairn, kaunti ya Meath, mwaka 1935, na Kiairishi kinasemwa pale hadi leo. Alijua lugha haiishi kwa mashairi ikiwa wenye lugha hawana shamba.

Lakini ninakupinga unapozitenga hizi fasihi mbili. Kiingereza cha Waairishi unachokisifu kimenyonya ziwa la lugha nyingine. Synge alikwenda visiwa vya Aran kuanzia 1898, akasikiliza, akarudi na tamthilia ambazo sentensi zake zina mwendo wa Kiairishi. Liam O'Flaherty alizaliwa Aran kwenyewe. Dunia inamjua kwa *The Informer*, na hadithi zake fupi za *Dúil*, 1953, ni za Kiairishi. Brendan Behan alitoa tamthilia ya Kiairishi, *An Giall*, Dublin mwaka 1958, na mwaka huo huo ikapanda jukwaani London kwa Kiingereza ikiwa imeongezwa nyimbo na kelele.

Halafu chukua *Translations* ya Brian Friel, iliyoonyeshwa kwanza Derry mwaka 1980. Ni mwaka 1833, wanajeshi wa Kiingereza wamekuja kuchora ramani na kubadili majina ya mahali. Kijana wa jeshi na msichana wa kijiji wanapendana, hakuna anayemwelewa mwenzake hata neno. Ila waigizaji wote wawili wanaongea Kiingereza, na wewe mtazamaji unajua kwamba kimoja kati ya Viingereza hivyo kinasimama badala ya Kiairishi. Friel hakuandika tamthilia hiyo kwa Kiairishi, na bado haiwezi kuwepo bila Kiairishi.

Siku hizi mto unapanda mlima pia. Claire Keegan aliandika *Foster* kwa Kiingereza, hadithi ya mtoto wa kike anayepelekwa kwa jamaa kipindi cha kiangazi. Colm Bairéad akaifanya filamu, *An Cailín Ciúin*, na wingi wa maneno yake ni Kiairishi. Mwaka 2023 ikafika kwenye orodha ya Oscar. Baba mzazi wa mtoto huyo, asiyemjali, anaongea Kiingereza. Nyumba inayompokea na kumchana nywele inaongea Kiairishi. Keegan hakuyaweka hayo; lugha ya pili imeongeza maana ambayo kitabu hakikuwa nayo. Hicho chumba unachokiita cha wasomaji elfu chache kimewapa wenye Kiingereza kitu.

Jembe Halilali

Hapo kwenye filamu umenipata, mkuu. Kwenye suala la wasomaji bado nina langu, ila nitaitazama kwanza.

Nyuki wa Iringa

Mimi niambie tu pa kuanzia. Bajeti ni kitabu kimoja, Kiingereza changu ni cha kawaida.

Wino wa Pweza

Kama ni kimoja, chukua *Cré na Cille* kwa tafsiri ya Titley, inaitwa *The Dirty Dust*. Ina matusi mengi na inakwenda mbio, kwa hiyo ugomvi unausikia. Ile ya Mac Con Iomaire na Robinson, *Graveyard Clay*, inafuata maandishi ya asili kwa karibu zaidi na ina maelezo ya kusaidia. Hiyo iwe ya raundi ya pili. Kurasa za kwanza utapotea, kwa sababu hakuna anayekuambia nani anaongea. Usirudi nyuma, endelea. Kila maiti ana malalamiko yake anayoyarudia, na ukifika kama ukurasa wa 50 utamtambua kila mmoja kwa kilio chake. Na ukipata wenzako wawili watatu, gawaneni sauti msome kwa nguvu: mmoja awe Caitríona, mwingine Nóra Sheáinín, hasimu wake wa humo makaburini, mwingine yule mwalimu mkuu.

Mama Tausi

Mimi nachukua Caitríona.